Jahazi Dogo Limekwenda Upogo: Kosa Liko Wapi?

Haipiti wiki bila mtu kunijia barazani na chombo kidogo cha mfano mkononi. Huja alasiri, jua likishapungua makali, chombo kimeviringishwa kwenye leso ya mkewe au kimelazwa ndani ya mfuko wa simiti, naye hunionyesha pale anapopaona pabaya. "Ammi, hebu tazama, hapa omoni pamefunguka." Mimi hapo sipatazami kwanza. Nakigeuza chombo kifudifudi, nafumba jicho moja, nauangalia mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele, kama mtu anayelenga bunduki. Mara nyingi jibu liko hapo. Ule ufa wa omoni ni kilio tu cha mkuku uliopinda wiki tatu kabla, na mwenyewe hakujua.

Kwa hiyo nikieleza dalili hapa chini, usikimbilie kupaka na kuziba. Rudi nyuma hatua mbili tatu za kazi ukatafute palipoanzia. Ninaongelea vyombo vya mfano vya sentimita 40 hadi 80 hivi: jahazi, mashua, dau, vyenye mkuku, mataruma (mbavu za chombo) na mbao za kubandika. Vya kuchonga gogo zima nitavigusa njiani.

Chombo hakikai sawa mezani

Ukikiweka kinacheza, au ukikitazama kwa juu omo linaelekea kijiji cha Shela na tezi linaelekea kisiwa cha Manda. Funga uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya fashini, mti wa nyuma kabisa, uvute ukaze. Uzi ukipita juu ya alama ya katikati ya kila taruma, mwili hauna neno na kosa ni la sehemu ya chini ya mkuku tu, piga randa. Uzi ukiziacha alama pembeni, chombo kimepinda.

Sababu ninazokutana nazo ni tatu. Ya kwanza, mkuku ulikatwa kwenye ubao ambao nyuzi zake zilikuwa zinakata kona, ukaanza kujinyonga siku ileile ulipotoka msumenoni. Ya pili, chombo kilitolewa kwenye ubao wa kazi mapema kwa sababu mwenyewe alikuwa na hamu ya kukiona kimesimama. Ya tatu ndiyo mama yao: upande mmoja ulibandikwa mbao zote, kisha ndipo wa pili ukaanzwa. Kila ubao uliokunjwa unataka kunyooka, na kila tone la gundi likikauka linavuta. Upande mmoja ukivuta peke yake usiku kucha, mkuku utafuata tu. Bandika ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, huku mkuku umebanwa kwenye ubao mnene ulionyooka, na usiubandue mpaka mbao zipite nusu ya ubavu pande zote mbili.

Kikiwa kimeshapinda na mbao hazijazidi nne tano kila upande, gundi nyeupe ya mbao ina huruma. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto, kilaze kwenye maungio kwa ndani, ngoja ilainike, bandua, nyoosha, anza tena. Mbao zikishafika juu hakuna dawa ya kweli. Chombo changu cha kwanza cha kuuzwa kilipinda hivyo, nikakisogeza mlingoti na usukani kidogo ili jicho lidanganyike, na mnunuzi akaondoka anafurahi. Mpaka leo nikikikumbuka naona haya.

Ubao unalia "ta!" ukifika omoni

Jahazi la Lamu lina omo lililosimama wima. Kwa mtazamaji ni uzuri, kwa mbandikaji ni taabu, maana ubao unatoka tumboni ambako chombo kimenenepa, halafu kwa masafa mafupi unatakiwa ujibane na kuingia kwenye omo. Hapo ndipo unapokatikia.

Kabla hujautupa, uangalie ulivyovunjika. Ukikatika vipande viwili safi kama biskuti, ulikuwa mkavu au mnene mno. Ukichanika kwa mshazari na nyuzi zikachomoza ukingoni, kosa si la maji wala la mkono wako: ubao ulipasuliwa bila kufuata nyuzi zake, na hata ungeulowesha mwaka mzima ungechanika tu. Ukijikunja kwa ndani na kufanya vikunjo kama ngozi ya kiwiko, uliukunja mahali pamoja badala ya kuugawa mkunjo kwenye urefu wake.

Kwa chombo cha sentimita 60, unene wa milimita 1.5 hadi 2 unatosha. Mbao za saipresi zitokazo bara hunifaa zikiwa hazina vifundo. Kabla ya kupasua, nabandua kibanzi pembeni kwa kisu na kukivuta: kikifuata mstari mpaka mwisho, ubao huo naukubali, kikikimbilia pembeni, nautia jikoni uchemshie chai. Kuloweka nako kusiwe kwa kubahatisha. Nina kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa chini. Nakijaza maji yanayotokota, natumbukiza mbao mbili, nakwenda kuswali alasiri. Nikirudi naukunja ubao taratibu juu ya ubavu wa birika lenye maji ya moto, nikiusogeza mbele na nyuma, sikazi mahali pamoja. Kisha naubana mahali pake kwenye chombo kwa vibanio vya nguo, bila gundi, ulale hapo hadi kesho.

Bila gundi, narudia. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini usimbandike angali mbichi. Ubao uliolowa umevimba kwa upana. Ukiugundisha hivyo, ukikauka utapungua, na kati yake na jirani yake patatokea mwanya wa kupitisha ukucha. Hiyo ndiyo mianya watu wanayoniletea baada ya siku kumi, wakidhani gundi ilikuwa mbovu.

Mbao zinapandana, au zinajiinua ukingo mmoja

Dalili hii humkata mtu tamaa kuliko zote. Mbao tatu za kwanza zimelala vizuri, ya nne inapofika omoni inanyanyua ukingo wake kama paa la mabati lililopigwa na kusi. Fundi anaongeza vibanio, anaongeza pini, mwisho anaongeza matusi.

Ubao hauna kosa. Tumbo la chombo ni refu kuliko omo lake, nawe unataka idadi ileile ya mbao, zenye upana uleule, zijae pote pawili. Haiwezekani. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma la katikati kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu, upime. Fanya hivyo kwa kila taruma. Tuseme katikati umepata milimita 96 na omoni milimita 60, nawe unataka mbao 12. Katikati kila ubao utakuwa na milimita 8, omoni milimita 5. Tia alama hizo kwenye kila taruma kwa penseli kabla ya kubandika hata ubao mmoja, kisha piga randa kila ubao ufuate alama zake. Utalala wenyewe, bila kuusukuma.

Hesabu ikikuambia ubao uwe chini ya nusu ya upana wake, usiuchonge mpaka uwe kama kijiti cha meno. Ncha yake itapasuka. Hapo acha mbao mbili ziishie ndani ya moja. Tezini mambo huwa kinyume, nafasi inazidi mbao, na huko unaingiza kabari ndefu nyembamba. Watu huona kabari ni aibu. Mimi naona aibu ni ubao uliolazimishwa.

Na kama chombo chako kimeshabandikwa na mbao zimepandana? Msasa utasaidia ikiwa unene ulikuwa milimita 2 na kupandana hakuzidi nusu milimita. Zaidi ya hapo utatoboa. Tia kucha kwa ndani, ukihisi ubao unabonyea, acha msasa.

Gundi haishiki kabisa

Kwanza niulize: ubao umeutoa wapi? Maana siku hizi mbao za vyombo vikuukuu zina soko Lamu nzima, kwa fremu za picha, meza na viti, na vipande vinavyobaki tunavigombania sisi wa vyombo vidogo. Vina rangi ambayo huwezi kuinunua dukani, na mteja akiambiwa jahazi hili limetokana na jahazi la kweli, mkono unakwenda mfukoni. Lakini ubao ule umepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka nenda miaka rudi. Mafuta hayo yameingia mpaka moyoni, na chumvi ya bahari juu yake. Gundi ya maji itashika nini hapo?

Kupima ni rahisi. Piga randa kidogo, dondosha tone la maji. Likitandaa na kuzama, ubao unakubali gundi. Likikaa juu kama lulu, una mafuta. Chumvi naipima kwa ulimi, mke wangu hapendi lakini ndivyo. Ubao wa chumvi hauishi unyevu. Ukiukausha leo, usiku wa masika unakunywa hewa na kutota tena.

Ninavyofanya: vipande nimeshavipasua vyembamba, navilaza kwenye pipa la maji matamu siku nne, nikibadilisha maji kila asubuhi. Huko Shela maji ya visima vya mchangani yanasifika, lakini hata ya bomba yanafaa. Navikausha kivulini wiki mbili. Siku ya kubandika, nafuta uso kwa spiriti, naparuza kwa msasa, nagundisha papo hapo, kwa sababu ukiuacha mpaka kesho mafuta yatapanda tena juu. Na bado siuamini. Kila taruma napigilia kijiti cha mwanzi chenye unene wa milimita 1 kupitia ubaoni, kilichochovywa gundi ya mirija miwili (epoksi). Mtiki nao una mafuta yake ya asili, ufanyie vivyo hivyo.

Halafu kuna misumari iliyokatikia ndani. Usipitishe msumeno kabla hujaupapasa ubao kwa sumaku. Nina meno sita ya msumeno niliyoyapoteza kwa kujifunza hilo.

Madoa meusi yamezunguka pini

Pini za chuma zimekutana na ubao wenye dabaghi (tanini), kama mkoko au jamii yake, pakapita unyevu kidogo. Chuma na dabaghi vikikutana hufanya wino. Doa hilo halitoki kwa msasa, limeingia ndani. Tumia pini za shaba au vijiti vya mwanzi, na pini za kushikilia tu zing'oe siku hiyohiyo gundi ikishika. Basi.

Kilikuwa kizima Lamu, kimepasuka Ulaya

Mteja mmoja alinitumia picha kwa WhatsApp kutoka Ujerumani. Mashua niliyomchongea kwa mwembe, gogo zima, imefunguka kutoka fashini hadi nusu ya tumbo, mwanya wa kuingiza sarafu. Akauliza kwa adabu kama hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ubao unaokaa kwenye hewa yetu ya bahari hutulia ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Ndani ya nyumba yenye hita wakati wa baridi hushuka hadi asilimia 8 au chini yake. Tofauti hiyo lazima itoke, na ubao unapoitoa unapungua kwa upana. Gogo nene hukauka ngozi kabla ya moyo. Ngozi inataka kupungua, moyo unakataa, ngozi inapasuka. Sikuwa nimefanya kosa la mkono, nilifanya kosa la kutouliza chombo kinakwenda kuishi wapi.

Tangu hapo, cha kuchonga nakichimba ndani kabla ya kufunika sitaha, kuta zibaki milimita 6 hadi 8, kila upande uweze kupumua kwa pamoja na mwenzake. Ubao wa kukaa wiki tatu nimeufanya wa kukaa miezi mitatu, darini, mbali na jua. Mlingoti siugundishi kwenye tundu lake, naukaza kwa kabari. Na karatasi ndogo inaandamana na chombo: kisiwekwe juu ya hita wala mbele ya dirisha la jua.

Ufa ulioshatokea usiuzibe mpaka chombo kikae mwaka mzima kwenye makao yake mapya. Ukiuziba wakati wa ukame kwa kitu kigumu, hewa ikirudi kuwa na unyevu ubao utavimba usipate pa kwenda, utapasuka upande wa pili.

Kimetiwa maji, kimelala

Hapa ndipo vijana wanaponijia kwa wingi, hasa mashindano ya vyombo yakikaribia na kila mmoja anataka chake kidogo cha kukimbizana nacho ufukweni. Tufanye kazi kwa karai kabla ya bahari.

Kitie kwenye karai bila tanga. Kikilala upande mmoja na hakuna hata pumzi ya upepo, uzito haukugawanyika: pengine mbao za kulia zilitoka ubao mwingine mzito zaidi, au gundi ilimwagika ndani ikaganda upande mmoja. Sogeza farumi, ule uzito wa chini wa kukituliza chombo, mpaka kisimame. Kikizamisha omo, farumi irudi nyuma. Kikikaa sawa lakini ukikisukuma kwa kidole kinachelewa kuinuka, kama mtu aliyeamshwa daku, uzito uko juu mno. Punguza sitaha, chonga mlingoti uwe mwembamba, shusha farumi.

Kikipita mtihani wa karai na bado kikapinduka baharini, hapo ndipo pana siri ambayo wengi hawaiamini mpaka niwafanyie hesabu mchangani. Chukua mashua ya mita 8, uifanye ya sentimita 50, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 16. Eneo la tanga limepungua mara 16 kwa 16, yaani 256. Uzito umepungua mara 16 kwa 16 kwa 16, yaani 4096. Sasa nguvu ya upepo ya kukilaza chombo ni eneo la tanga mara urefu wa kimo chake: imepungua mara 4096. Nguvu ya chombo ya kujiinua ni uzito mara umbali wake kutoka katikati: imepungua mara 65,536. Gawanya. Chombo chako kidogo, ukikinakili sawasawa na kile kikubwa, ni dhaifu mara 16 mbele ya upepo uleule. Upepo wa mlango wa Manda haukupunguzwa nawe.

Kwa hiyo chombo cha kukimbia hakiwezi kuwa nakala kamili ya chombo cha kweli, na anayekulaumu kwa hilo hajapata kukitia maji. Kata tanga theluthi moja. Ongeza mkuku wa bandia chini, wa bati au ubao, wenye risasi kwenye ncha yake, unaochomoka ukitaka kukiweka kabatini. Kwa farumi ya ndani natumia chubwi za wavuvi, vile vizito vya mishipi. Nazipanga juu ya mkuku kwa gundi ya mirija miwili, lakini baada ya jaribio la karai, si kabla. Kumbuka pia maji ya bahari ni mazito kuliko ya karai kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo baharini chombo kitaelea juu kidogo zaidi, usishtuke.

Watoto wameshaligundua hili bila hesabu. Tazama wanavyovikimbiza vyao vya kandambili kuukuu maji yakijaa: wengi wanafunga mrengu, kile kijiti cha kuelea, pembeni, ngalawa tupu, haina farumi na haipinduki. Kandambili wala si ya kudharau. Flipflopi, chombo cha plastiki chakavu kilichovikwa kandambili za rangi na kutiwa maji 2018, kiliundwa hapahapa Lamu.

Kikienda lakini kinakazana kugeuza omo lielekee kwenye upepo, tanga limekaa nyuma mno: sogeza foromali, ule mti unaofungiwa tanga, mbele, au inamisha mlingoti mbele kidogo. Kikiukimbia upepo, fanya kinyume.

Na kikianza vizuri, baada ya robo saa kikawa kizito, kinavuja. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika majini. Chombo cha kuelea kinataka gundi isiyoogopa maji, na ndani kipakwe gundi ya mirija miwili iliyochanganywa na kulainishwa, mpaka mbao zing'ae. Vyombo vikubwa huzibwa maungio kwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha mbao zenyewe zikavimba majini na kubana. Mbao za milimita 2 haziwezi mchezo huo. Zikivimba zinafyatuka kutoka kwenye mataruma.

Tanga kama bati, kamba kama tambi

Tanga lisiloshika upepo aghalabu limekatwa nyoofu pande zote. Nguo iliyonyooka ikifungwa kwenye foromali iliyonyooka inakuwa ubao. Ukingo wa juu, ule unaofungwa kwenye foromali, ukate kwa tao dogo: kwa urefu wa sentimita 50, katikati pazidi kwa sentimita 1 hivi. Ukiufunga kwenye foromali, ziada ile inashuka na kufanya tumbo. Ukingo wa nyuma ndio ufuate nyuzi za nguo, la sivyo utavutika na kuanza kupepea kama bendera.

Nguo iwe bafta nyepesi. Amerikani ni nzito mno kwa chombo cha sentimita 50. Ukitaka rangi ya tanga la zamani, chovya kwenye chai ya rangi isiyo sukari. Wenye kutia sukari kwa kusahau hujua makosa yao siku sisimizi wanapopanda mlingoti.

Foromali ikikunjika kama upinde wa mvua, umeichonga kwa unene mmoja. Katikati iwe nene, ncha zipungue.

Kamba zinazolegea mchana na kukaza usiku ni za pamba; unyevu unazivuta. Zipitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, au tumia uzi wa nailoni uliofifishwa mng'ao kwa msasa mlaini. Nta ya mshumaa hugeuka vumbi jeupe. Na tafadhali, henza isiwe sawa na kamba nyingine. Ndiyo inayopandisha foromali na tanga lake lote, kwa hiyo iwe nene kuliko zote, na anayejua vyombo akiliona jahazi lako ataiangalia hiyo kwanza.

Mtepe: ubao unapasuka kwenye matundu

Nilijua wengine mtauliza. Mtepe ndio chombo cha kushona cha visiwa vyetu: hakuna msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga la miyaa la pembe nne. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa vinatoweka, na wengi wetu tumeujua kwa mifano ya kwenye makumbusho.

Matundu yakipasuka mfululizo, umeyatoboa yote kwenye mstari mmoja wa nyuzi, yakawa kama stempu. Yapishane: moja juu, moja chini kwa milimita 1 au 2. Toboa kwa sindano iliyokatwa tundu lake na kutiwa kwenye keekee ndogo, usiichome sindano kwa mkono kwa sababu inatenganisha nyuzi badala ya kuzikata. Kati ya ukingo wa ubao na tundu pawe na mara tatu ya upana wa tundu. Uzi ukikatika wakati wa kuvuta, tundu lina kingo kali. Lipitishie ncha ya kijiti chenye msasa. Kisha kila tundu lizibwe kwa kijiti kidogo, kama ilivyokuwa kwa chombo chenyewe, na uzi ukatwe sawa na ubao upande wa nje. Chombo cha sentimita 60 kina matundu mengi kuliko subira ya mtu wa kawaida. Mimi nimeunda viwili tu maishani.

Vanishi imefanya ukungu mweupe

Umepaka jioni, au baada ya mvua ya masika. Unyevu umenaswa. Paka kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, kivulini penye upepo; juani itafanya mapovu. Ukungu mwepesi wakati mwingine huondoka ukipaka tabaka jembamba lililoongezwa thina siku ya ukavu. Weupe ulio karibu na maungio pekee si wa vanishi: ni mvuke wa supaglu uliotua juu ya ubao. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na safari nyingine tumia tone badala ya kijito.

Unga laini chini ya chombo kila asubuhi

Una wapangaji. Mwembe na mbao nyeupe za nje ya gogo huliwa sana na vidudu vitoboavyo. Mafuta ya taa huwafikia walio karibu na uso tu. Kinachowamaliza ni baridi: funga chombo ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kitie kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache kirudie joto kikiwa bado kimefungwa ili kisilowe jasho. Mimi natumia friza ya jirani anayeuza samaki. Ana sharti moja, kwamba chombo kikae chini kabisa, kwa sababu mara ya kwanza mteja wake alifungua akitafuta changu, akakuta jahazi, na akataka kujua kilo ni shilingi ngapi.